Mji Baada ya Itigi

Chini ya hospitali, Bradford, hakuna dirisha.
Kuna mashine tisa za kufulia, moja inakohoa,
na mashuka yanateremka kwa bomba kutoka wodini
yakiwa bado na joto la watu nisiowajua.
Kazi yangu ni kutenga: damu huku, chai huku.

Ismay Pinnock ndiye huanza.
Magoti yamemvimba, Jamaika yake imebaki kooni,
anaidai Sayuni kama mshahara uliocheleweshwa.
Mababu zake walivushwa maji kwa minyororo,
na kila walichonyang'anywa wakakipa jina la mji huo.
Akifika kwenye kiitikio hupiga kikapu kwa kiganja,
vumbi la pamba linaruka, tunapiga chafya.

Tsehaynesh humngoja amalize. Adabu za Gondar.
Wimbo wake una ngazi nyingi, hupandwa kwa pua.
Bibi yake aliuza ng'ombe wawili akaenda huko kuhiji,
akarudi na msalaba uliochanjwa mkononi,
na kijiji kikasahau jina alilozaliwa nalo.
Akisugua doa la dawa hurudia ubeti ule ule mara saba.
Ubeti unatoka. Doa halitoki.

Nami nina wa mama, wa Sikonge, wa matangani:

*Mji usio na taa, wala jua kutuchoma,*
*huko hatuoni njaa, wala kuuguza homa,*
*kwetu ni huko kukaa, hapa tunapita hima,*
*na hata nichelewapo, mlango u wazi, mama.*

Nikiwa na miaka sita nilijua mji huo ulipo.
Mchungaji alipanda treni Tabora, sanduku limefungwa kamba,
akasema anakwenda Itigi, na baada ya Itigi Mungu anajua.
Nikapiga hesabu: Itigi, halafu Yerusalemu.
Nikaanza kumdundulizia mama nauli ndani ya soksi.
Alikufa soksi ikiwa na shilingi tatu.

Rothfeld, fundi, huwa amelala chali chini ya mashine ya nne.
Hana sauti, na anajua kuwa hana.
Baba yake aliuza sufu. Kila mwaka, mezani,
waliahidiana kwamba mwakani watakuwa huko,
na kila mwaka wakaagiza makaa ya baridi nyingine ya hapa.
Yeye huimba na bisibisi mdomoni,
maneno hayasikiki, ila unajua ni ahadi ile.

Nuha hakuwahi kuimba. Hukunja foronya.
Jumanne Ismay akamuuliza: na kwenu, binti, mnauimbaje?

"Hatuuimbi," akasema. "Tunakaa."

Akasema bomba la jikoni linavuja tangu Ramadhani.
Akasema shangazi yake Wisal anauza soksi karibu na lango,
jozi tatu kwa bei ya mbili,
na miguu inamuuma kwa foleni ya askari, si kwa biashara.
Akasema paka ni wengi mno.

Mashine zikazunguka bila sisi.
Nikaona haya, kama mgeni aliyekutwa
amejilaza kitandani mwa mwenyeji na viatu.

Rothfeld akajivuta kutoka uvunguni, akajifuta mikono kwa suruali,
akauliza kama soksi hizo ni za pamba.
"Nailoni," Nuha akajibu. "Zinatoboka kidoleni."
Mzee akacheka, au akakohoa;
siku hizi kwake ni kitu kimoja.

Saa nane usiku. Bomba likatapika mashuka mengine.
Kwa mazoea Ismay akavuta pumzi ya kuanza,
akaibana kifuani.
Nuha hakuinua macho kutoka kwenye foronya.

"Imbeni," akasema. "Ila kwa sauti ya chini.
Kule ni saa kumi. Shangazi bado amelala."